Karte Moja, Milango Kumi: Kwetu Mlango Uko Wapi?



Kuna wazo linalozunguka katikati yetu sisi wenye lisansi, zaidi kwa wale wenye ndugu Ulaya ao Marekani: Uvira nayo ipate karte ya utalii, pamoja na Bujumbura na Bukavu. Unalipa mara moja, unapewa karte, unazunguka siku tatu ukiingia kila fasi bila kutoa tena makuta. Miji mikubwa inafanya vile, kwa nini sisi hapana? Tuko na ziwa, tuko na milima, tuko na historia.

Mimi ni mtu wa shamba. Mbegu mpya ikifika, hatuiamini juu ya picha nzuri iliyo kwenye mfuko. Tunauliza: kule ilikotoka imezaa namna gani, inataka udongo gani, na udongo ule kwetu uko? Ninataka tuipime hii karte vile vile. Jibu langu nalisema mapema ili mtu asilitafute mpaka mwisho: karte kwa sasa haitatusaidia kitu, juu inafungua milango iliyokwisha kujengwa, na kwetu Uvira mlango wenyewe njo unaokosekana. Lakini ndani ya karte muko jambo moja la akili ambalo wengi hawalioni, na hilo tunaweza kulichukua bila karte.

KARTE INAFANYA KAZI NAMNA GANI

Tuanze kule ilikotoka. Marekani, CityPASS ilianza mwaka 1997: kijitabu kimoja cha tikiti za fasi kubwa za mji, kwa bei ya chini kuliko kununua kila tikiti peke yake. Paris iko na Paris Museum Pass, ya siku 2, 4 ao 6, inayofungua makumbusho na majengo ya zamani zaidi ya 50. London iko na London Pass. Ubelgiji, tangu mwaka 2018, iko na museumPASSmusées: karte ya mwaka mzima, makumbusho zaidi ya 200 nchi nzima.

Mgeni anapata faida tatu. Ya kwanza ni bei. Ya pili ni kutotafuta makuta na tikiti kwenye kila dirisha. Ya tatu, ambayo matangazo hayaisemi sana, ni kwamba anaingia fasi ambayo hangeilipia peke yake. Mtu amekuja kuona kitu kimoja kikubwa, njiani anakuta makumbusho ndogo, karte iko mfukoni, anasema: wacha niingie. Hii faida ya tatu muiweke akilini, tutairudilia.

Sasa upande wa muuzaji. Kwa zile karte zinazouzwa na kampuni, kawaida mtu analipa kampuni, na kampuni inalipa kila fasi kulingana na watu walioingia kweli, kwa bei waliyopatana. Mwenye karte asipoingia, fasi haipati kitu. Makuta yake yanabaki kwa muuzaji. Hakuna wizi pale, ni biashara. Lakini ina maana kwamba karte inaishi kwa sehemu juu ya uchovu wa mgeni: anayenunua akiwa na hamu ya fasi kumi na miguu inamwacha kwenye ya nne.

Tufanye hesabu ya mfano. Mji uko na fasi tano, kila moja kiingilio dola 10. Karte ya siku mbili ni dola 35. Ukiingia tatu, umepoteza dola 5. Ukiingia nne, umepata faida ya dola 5. Ukiingia zote tano, faida ni dola 15. Mwenye karte anaijua hesabu hii, na inaanza kumkimbiza. Saa nne yuko kwenye makumbusho ya kwanza, saa sita ya pili, saa nane ya tatu. Ukimuuliza jioni ameona nini, anakutajia majina.

Hapa njo lawama yangu ya kwanza kwa karte kama chombo cha kujifunza. Wale tuliopita kwenye fakilte ya kilimo tunajua namna ya kujua udongo: unachimba shimo moja, unashuka ndani, unaangalia tabaka moja moja, unagusa, unaandika. Mtu anaweza kuzunguka shamba lote na pikipiki kwa saa moja na bado hajui maji yanaishia wapi. Karte ya siku mbili inalipa yule mwenye pikipiki. Karte ya mwaka, kama ile ya Ubelgiji, ni bora zaidi, kwa kuwa haimkimbizi mtu. Unaweza kurudi fasi moja mara tano na kukaa mbele ya kitu kimoja. Kama siku moja tutachagua, tusichague ya siku mbili.

KILICHO BILA DIRISHA LA TIKITI HAKIANDIKWI

Lawama ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni juu ya orodha. Karte inaandika zaidi kile ambacho kiko na dirisha la tikiti. Angalieni London. British Museum ilifunguliwa mwaka 1759, na kuingia ni bure. Makumbusho makubwa ya taifa kule ni bure kwa wote tangu mwaka 2001. Kwa hiyo baadhi ya vitu vikubwa kabisa vya mji havihitaji karte hata kidogo. Mgeni anayefuata orodha ya karte peke yake anaweza kulipa sana na kupita mbele ya mlango ulio wazi.

London hiyo haina shida kubwa, juu British Museum inajulikana dunia nzima. Kwetu je? Tuchukue kalamu tuandike orodha ya karte ya kaskazini ya Tanganyika, kama ingechapwa kesho.

Bujumbura: Musée Vivant, yenye mamba, nyoka na nyumba ya kifalme ya Kirundi iliyojengwa upya. Hifadhi ya Rusizi, upande wa Gatumba, yenye viboko na mamba. Jiwe la Livingstone na Stanley kule Mugere, kusini ya mji. Upande wa Kigoma: makumbusho ya Livingstone Ujiji, na hifadhi ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe mwaka 1960. Upande wa Bukavu: hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na kuingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 1980, na Lwiro, pamoja na kituo chake cha utafiti na mahali pa kutunza sokwe yatima.

Uvira? Mstari mweupe.

Sasa ule mstari mweupe ni wa uongo, na ninataka kuonyesha kwa mfano mmoja. Lile jiwe la Mugere limechongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengine wanaambiwa kwamba pale njo walipokutana mara ya kwanza. Hapana, walikutana Ujiji, kisha wakapanda pamoja kwa mtumbwi kuelekea kaskazini, wakapumzika pale Mugere. Walikuwa wanatafuta nini kaskazini? Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani ao unaingia ziwani. Kama ungekuwa unatoka, basi Tanganyika ingeweza kuwa mama ya Nile, na wataalamu wa London walikuwa wanagombana juu ya neno hilo miaka na miaka. Wakafika, wakaona: unaingia.

Lakini swali lile lilikuwa limekwisha kujibiwa miaka 13 mbele, na lilijibiwa hapa Uvira. Burton na Speke walifika Uvira Aprili 1858, na watu wa huku wakawaambia wazi kwamba Rusizi inaingia ziwani. Mvuvi yeyote wa Kavimvira angewaambia vile vile, juu ni maji anayoyavuka kila siku. Jibu halikuwa na uzito mpaka Wazungu wawili waje kuliona kwa macho yao. Waliokuja kuhakikisha wamepewa jiwe, na jiwe linaingia kwenye orodha. Waliojua jibu hawana hata kibao cha mbao.

Njo maana ninasema karte si kitu cha kuchukua bila kuangalia. Inachukua hali ilivyo na kuichapa vizuri kwenye plastiki: fasi iliyopewa jiwe zamani inapewa tena wageni, fasi iliyosahauliwa inasahauliwa mara ya pili, safari hii kwa rangi nzuri.

Na Uvira haina hilo moja tu. Kalundu ni bandari ambayo zamani za Wabelgiji reli ndogo ilikuwa inatoka pale kupanda bonde mpaka Kamanyola. Vijana wengi wa mji hawajui kwamba treni ilipita bonde la Ruzizi. Kiliba iko na kiwanda cha sukari kilichosimama na vita ya 1996, na mashamba yake ya miwa ni somo zima juu ya umwagiliaji, chumvi ya udongo na kazi ya vibarua. Ukishuka kusini mpaka pwani ya Fizi, Kibamba njo mahali Che Guevara alipofika Aprili 1965 akitokea Kigoma kwa boti, na akaondoka Novemba ya mwaka ule ule bila ushindi. Mto Mulongwe wenyewe, katikati ya mji, ulifurika Aprili 2020, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Anayetaka kufundisha wanafunzi juu ya milima iliyokatwa miti hana haja ya picha za nchi nyingine.

SAMAKI WETU NA KARTE YA WENGINE

Mfano wa ziwa unauma zaidi, nao unatuonyesha nani anaweza kuingia wapi.

Tanganyika iko na kina cha mita 1,470, ya pili duniani nyuma ya Baikal. Ndani yake muko aina karibu 250 za samaki wa jamaa ya sikilidi, na nyingi sana hazipatikani fasi ingine yoyote duniani. Mwaka 1946 mpaka 1947 Wabelgiji walituma msafara wa wataalamu kuzunguka ziwa lote. Samaki, konokono na maji yalipimwa, na sampuli zikapelekwa Brussels. Mtaalamu wa samaki wa msafara ule, Max Poll, alikuwa wa makumbusho ya Tervuren, na mwaka 1956 akatoa kitabu kikubwa juu ya sikilidi za ziwa letu. Kazi ilikuwa nzuri, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni juu ya mlango. Makumbusho ya Tervuren iko kati ya zile zinazopokea museumPASSmusées. Mwanafunzi wa Ubelgiji mwenye karte ile anaweza kwenda leo, kesho na wiki ijayo, kuangalia vitu vya Kongo mpaka achoke. Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilimpa Waziri Mkuu wetu orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyo kule. Orodha ni mwanzo mzuri, lakini orodha si kitu chenyewe. Kinshasa nayo iko na Makumbusho ya Taifa mpya, iliyofunguliwa mwaka 2019 kwa msaada wa Korea ya Kusini. Mtu wa Uvira anayetaka kuiona anahitaji ndege, na bei ya ndege ni mara nyingi sana ile ya kiingilio.

Na hapa hapa Uvira? Tuko na Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, ile CRH, mji wetu wenyewe, watu wanaojua mukeke, ndakala na kuhe kwa majina yao ya kisayansi na ya kivuvi. Niulize wasomaji wa Uvira: wangapi wamepita pale mbele, na wangapi wameingia? Mwenye kusoma biolojia pengine ameingia kwa staji yake. Mwenye sheria, uchumi, ualimu ao kilimo, mara nyingi hapana. Mwana wa sekondari wa Mulongwe ao Kasenga anakula ndakala mara tatu kwa wiki na hajawahi kuambiwa kwamba asili ya samaki yule ni ziwa hili. Hakuna karte itakayorekebisha hilo. Linarekebishwa na mtu mmoja anayejua, saa moja kwa wiki, na mlango ulio wazi.

NANI ANAWEZA KUVUKA

Lawama ya tatu ni juu ya mipaka. Katika miji ile ya karte, mtu anatoka makumbusho moja kwenda ingine kwa metro. Karte yetu ya kufikiria ingepita nchi mbili ao tatu. Uvira na Bujumbura ni chini ya saa moja kwa gari, lakini kati yao muko Kavimvira na Gatumba: karatasi, muhuri, mstari, na mara kwa mara siku ambayo mpaka umefungwa kabisa. Hali ya usalama ilivyo, barabara ya Bukavu nayo inaweza kukatika kwa usiku mmoja. Mwanafunzi anayetaka kuona mamba wa Rusizi anaweza kutoa makuta mengi mpakani kuliko kwenye kiingilio. Kwa yeye, karte ya kwanza ni ile karatasi ya kuvuka.

Afrika Mashariki ilishafanya kitu kinachofanana na karte. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza viza moja ya utalii: dola 100, siku 90, mgeni anazunguka nchi zote tatu. Ni wazo lile lile la kulipa mara moja. Lakini angalieni nani yumo. Nchi zinazogusa Tanganyika ni nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Hakuna hata moja kati yao iliyo ndani ya viza ile. Na hata zile tatu, viza ilitengenezwa kwa mgeni anayetoka mbali na ndege. Mtoto wa ziwa hayumo kwenye mpango.

Kuna kitu bora zaidi cha kuigwa kutoka kwa majirani, nacho hakina jina kubwa: bei ya tabaka. Makumbusho za Kenya na hifadhi za Tanzania ziko na bei ya mgeni kutoka nje, na bei nyingine ya chini zaidi kwa raia wa Afrika Mashariki. Kongo ilitia saini mkataba wa Jumuiya Aprili 2022. Kwa hiyo anayefika Kigoma kwa boti kutoka Kalundu, afike dirishani na kitambulisho chake na aulizie bei ya Afrika Mashariki, bila aibu. Tukisubiri watu wengine watuulizie, tutalipa bei ya mgeni kwenye ziwa letu wenyewe.

CHA KUCHUKUA

Sasa lile jambo la akili nililosema. Ni ile faida ya tatu: karte inafanya makuta yamfuate mgeni mpaka fasi ndogo. Yule aliyekuja kwa kitu kikubwa anajikuta amelipa kidogo kwa kitu asichokijua. Kwetu ukanda huu, mwenye makuta anakuja kwa sokwe wa Kahuzi, na kibali cha kuwaona ni mamia ya dola kwa mgeni. Anapanda, anaona, anarudi. Kama sehemu ndogo sana ya makuta yale ingepangwa ishuke mpaka Uvira, kwa mwongozaji wa ziwa ao kwa mlinzi wa fasi ya kumbukumbu, fasi zile zingeanza kuishi. Hilo ni la serikali na hifadhi kupanga, na linahitaji amani. Hatulifanyi sisi mwezi huu.

Kuna jingine tunaloweza. Karte si namna pekee ya kuunganisha fasi nyingi. Mahujaji wanaotembea kwenda Santiago, Hispania, wanabeba kijitabu cha mihuri: kila wanapopita wanapigiwa muhuri, na anayetembea angalau kilomita 100 anapewa cheti. Marekani, hifadhi za taifa ziko na pasipoti yao ya mihuri tangu mwaka 1986: mtoto anainunua, anapigiwa muhuri na tarehe kwenye kila hifadhi. Mhuri hauuzi kiingilio na hauna siku ya kuisha, kwa hiyo haumkimbizi mtu. Na kijitabu kinaweza kuandika fasi isiyo na dirisha la tikiti: daraja, bandari ya zamani, shamba, ukingo wa mto. Inatosha pawe na mtu mwenye muhuri na mwenye maelezo ya kweli.

Hiyo njo mbegu inayofaa udongo wetu. Tuwaze kijitabu cha kurasa nane kwa wanafunzi wa Uvira. Ukurasa mmoja Kalundu na reli iliyokufa. Mmoja CRH na samaki, kama wakubwa wa kituo watakubali siku moja kwa mwezi. Mmoja Kiliba na miwa. Mmoja Mulongwe na mafuriko ya 2020. Mmoja mdomo wa Rusizi, na hadithi ya 1858 iandikwe pale kwa Kiswahili, ikianza na waliojua jibu. Kurasa zingine ziachwe kwa majirani: Mugere, Ujiji, Lwiro, siku njia ikiwa wazi. Kila fasi, mwongozaji ni mmoja wetu: mwenye historia, mwenye biolojia, mwenye agronomia. Kila kundi likiingia, mwongozaji alipwe kwa franga kulingana na watu aliowapokea, siku ile ile. Hiyo ni kanuni ya karte, bila kampuni ya katikati na bila makuta ya wale waliochoka.

Ninajua kitakachosemwa. Wa kwanza atasema: watu wanatafuta chakula, wewe unaleta mihuri. Ni kweli watu wanatafuta chakula. Lakini kati ya wanaotafuta muko wenye diploma wanaokaa nyumbani na ujuzi ambao hakuna mtu anauomba. Kumlipa mmoja franga kidogo kwa saa mbili za kueleza samaki si utajiri, ila ni kazi inayotumia alichosomea. Wa pili atasema: na vita? Ni kweli pia, na kijitabu hakizuii risasi. Njo sababu kinaanza na fasi za ndani ya mji na za karibu, ambazo darasa linaweza kufika kwa miguu ao kwa moto siku ambayo hali ni nzuri, na kusubiri siku ambayo si nzuri. Karte ya siku tatu ingeisha muda wake barabara ikiwa imefungwa. Muhuri unangoja.

Wa tatu atasema neno gumu zaidi: tukiandika fasi, wageni na wakubwa watakuja kuzipiga bei, na mwenyeji atafukuzwa. Huyu simpingi, ninamsikiliza. Jibu nililonalo ni moja tu: orodha iandikwe na wenyeji, na bei ya mwanafunzi wa hapa iandikwe kwanza, kabla ya bei ya mgeni. Ukianza na bei ya mgeni, ile ya mwenyeji haiji.

Na haraka iko. Miaka hii ziwa limepanda, maji yameingia kwenye kartiye za pwani ya Uvira na kule Gatumba. Kuta za zamani zinaliwa. Wazee waliopanda treni ya Kamanyola ao waliowaona Wakuba wa 1965 wanapungua kila msimu. Kitu ambacho hakina jiwe wala kibao kinaishi ndani ya mtu, na mtu haishi milele.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Karte za miji mikubwa ni chombo kizuri kwa mji uliokwisha kufungua milango yake, ya mwaka ikiwa bora kuliko ya siku mbili. Kwa Uvira ya leo, ingekuwa plastiki inayotutuma kuangalia mawe ya wengine. Tuanze na mlango mmoja, mwongozaji mmoja, muhuri mmoja.

Ombi kwa kila anayesoma: chagua fasi moja ndani ya mji ao bonde, tafuta mzee mmoja na kitabu kimoja, andika ukurasa mmoja wa mambo uliyohakikisha. Kurasa nane zikipatikana, kijitabu kiko. Na bakubwa waliokuwa kwenye treni ile, tafadhali mtuambie ilikuwa inasimama wapi.